Hivi chesi ya baiti 672 ni chesi kweli au tunapigwa changa la macho?

#1 Mtoto wa Ngamiani
Wakuu salama? Kuna kitu kimenikosesha usingizi toka juzi. Kuna chesi ya kale inaitwa 1K ZX Chess, kaiandika jamaa anaitwa David Horne mwaka 1983 kwa kompyuta ya Sinclair ZX81, na programu nzima ni baiti 672. Narudia, baiti, siyo kilobaiti. Meseji moja ya kawaida ya simu ni baiti 140, kwa hiyo huyu mtu kachukua sheria za farasi, ngome, malkia na wenzake wote, akaweka na mpinzani anayekujibu, akavisokomeza vyote kwenye nafasi isiyotimia meseji tano. Mimi kumuomba mjomba nauli tu natumia meseji sita.

Sasa wajuzi niambieni, hii ni chesi kweli au kuna ujanja umefichwa mahali? Maana naskia kuna sheria kaziruka.

#2 Sheikh Modem
Chai.

#3 BintiPangani
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Leteni elimu.

#4 Fundi Redio
Siyo chai mkuu #2, ila mleta uzi kakosea kidogo. Programu ni ya 1982. Kilichotoka mwanzoni mwa 1983 ni kodi yenyewe (maandishi ya programu) kuchapishwa kwenye jarida la Your Computer la Uingereza, watu wakawa wanaichapa kwa mkono namba moja moja.

Na ili uelewe kwa nini mtu ajitese hivyo lazima uijue hiyo mashine. ZX81 ilitoka Machi 1981, ukinunua vipande uunge mwenyewe ni pauni 49.95, ikiwa imeshaungwa 69.95. Ndani ina chipu nne tu, prosesa ni Z80, na memori ya kufanyia kazi ni kilobaiti 1. Kidude cha kuongeza memori mpaka 16 kiliuzwa pauni 49.95, yaani kiongeza memori bei sawa na kompyuta yenyewe! Kwa hiyo wengi walibaki na K 1 yao, na hao ndio Horne aliowaandikia.

#5 Mtoto wa Ngamiani
Shukrani Fundi, 1982 nimekubali. Ila hujajibu swali.

#6 Nyokabi_Z80
Niaje wasee. Hiyo hesabu ni mbaya zaidi ya vile mnafikiria. Memori ni baiti 1024, lakini mashine yenyewe inakula 125 za mwanzo kwa mambo yake ya ndani, zinabaki 899. Na skrini ya ZX81 haina memori yake pembeni, inakaa humo humo. Skrini ikijaa yote ni baiti 793. Toa mwenyewe uone: ukijaza skrini unabaki na baiti 106 za kuandika programu.

Ndio maana wakaitengeneza hivi, memori ikiwa ndogo skrini inakunjwa, mstari mtupu unakula baiti moja tu ya kusema "mstari umeisha" na unalipia zile herufi umeandika peke yake. Sasa 899 toa 672 umebakisha 227, hapo weka ubao na kila kitu kingine programu inahitaji kukumbuka. Manze huyo Horne alikuwa anaishi bedsitter.

#7 mzee_wa_kaseti
Vijana mmenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa nasoma Uingereza miaka hiyo, mwenye nyumba wangu alikuwa na mtoto wa miaka 13 ana ZX81. Kibodi yake bapa kama karatasi ya plastiki, unabonyeza mpaka kidole kinauma. Unaichomeka kwenye televisheni, kinasa sauti cha kaseti pembeni, unabonyeza play halafu mnanyamaza wote kama mnasikiliza matokeo ya mtihani. Programu ya K 1 haimalizi dakika kupakia, lakini sauti ikizidi kidogo haipakii, ikipungua kidogo haipakii. Yule mtoto aliweka alama ya kalamu kwenye kitufe cha sauti na mtu haruhusiwi kukigusa.

Ile memori ya 16 inachomekwa nyuma, na haikai imara. Ukibonyeza kibodi kwa nguvu inatikisika, kompyuta inakufa, saa mbili za kazi zimeenda. Watu waliishikiza kwa utepe, kwa gundi ya kubandikia picha ukutani, kwa chochote kile. Yule mtoto aliwekea kipande cha sabuni chini. Kwa hiyo wanaosema Horne alibana kwa sababu ya bei wana lao, mimi nasema hata mwenye hela alipenda programu ya K 1 kwa sababu haimlazimishi kuchomeka ule mzigo.

#8 Sheikh Modem
Kipande cha sabuni 😂😂 hapo nimeamini.

#9 Kete64
Nijibu swali la msingi sasa. Sheria alizoruka ni tatu: kumficha mfalme nyuma ya ngome, askari kugeuka malkia akifika mwisho, na ile ya askari kumla askari mwenzake aliyeruka vyumba viwili akampita ubavuni. Kwingine kote kete zinatembea kihalali.

Maelezo yangu ni haya, na sijayasoma popote, nimeyafikiria mwenyewe. Ubao unakuonyesha ya sasa tu. Ukiuangalia ubao huwezi kujua kama mfalme alishawahi kusogea akarudi. Huwezi kujua yule askari amefika pale sasa hivi kwa hatua mbili au alifika jana. Kwa hiyo sheria hizo zinadai kumbukumbu nje ya ubao, na kumbukumbu ndiyo kitu ambacho jamaa hakuwa nacho. Hakuruka ovyo, aliruka sheria zinazohitaji historia.

#10 Fundi Redio
Kete64 umeongea kama kitabu ila umeacha tundu. Askari kugeuka malkia kunahitaji historia gani? Kafika mstari wa mwisho, basi, ubao wenyewe unasema. Mbona nayo kairuka?

#11 Kete64
Hapo umenikamata mkuu. Ngoja nirudi.

#12 BintiPangani
Karanga zimeisha naenda kwenye mihogo.

#13 Nyokabi_Z80
Ya askari ni rahisi, nafasi tu. Kuangalia amefika mwisho, ni wa upande gani, umbadilishe, hizo ni baiti kama kumi au kumi na tano hivi. Mkisema ni kidogo jaribuni kuandika Z80 siku moja. Ukiwa umebanwa hivyo baiti kumi ni kama shamba. Na mashine ikiwa dhaifu mchezo unakuwa umeshaamuliwa kabla askari hajafika huko, so ni kitu hakitatokea mara nyingi. Mimi pia ningekata hiyo.

#14 Mtoto wa Ngamiani
Wakuu nimeshusha emyuleta (programu ya kuigiza mashine ya kale) jana usiku nikacheza. Kwanza herufi zenyewe, hamna picha ya farasi, ni herufi tu, upande mmoja nyeusi juu ya nyeupe na mwingine zimegeuzwa. Nimecheza kama saa nzima, akaniachia malkia bure, nikambana, nikamsukuma askari wangu kwa raha zangu mpaka mwisho… akasimama. Hakuwa malkia, hakuwa chochote. Kafika bandarini meli imeondoka. Nyokabi unasema haitokei mara nyingi, kwangu imetokea mechi ya kwanza!

#15 Nyokabi_Z80
Wewe ulikuwa unamtesa tu, ungemfunga mapema 😂

#16 Sheikh Modem
Mtu kaachiwa malkia bure na bado kacheza saa nzima. Wa kumhoji hapa siyo Horne.

#17 Kete64
Nimerudi. Mtoto wa Ngamiani umegusa jambo bila kujua. Hizo herufi zilizogeuzwa: kwenye ZX81 herufi ikigeuzwa rangi namba yake inaongezeka 128 tu, yaani ni biti moja ya juu. Kwa hiyo kete na upande wake vinakaa kwenye baiti moja bila gharama ya ziada, na biti hiyo hiyo ndiyo inakuchorea kwenye skrini. Ukiweka ubao kwenye memori ya skrini kabisa huna haja ya nakala mbili, moja ya kufikiria na moja ya kuonyesha. Unachokiona ndicho inachofikiria. Na kile kialama cha mwisho wa mstari alichotaja Nyokabi kinafanya kazi ya ukuta, kete ikikikuta inajua ubao umeisha. Mimi kwangu siri yote ni hiyo.

#18 Fundi Redio
Hiyo ni nusu ya siri. Nusu nyingine hamuitaji: ROM, memori ya kudumu isiyofutika. Ile mashine ina kilobaiti 8 za ROM zenye lugha ya BASIC na namna ya kusoma kibodi na kuandika herufi. Programu ya lugha ya mashine inaita tu, "nisomee kitufe", inasomewa. Mtu anasema baiti 672, sawa, lakini nyuma kuna baiti 8192 zinafanya kazi za nyumbani. Ni kama mtu anayejisifu kajenga kwa laki mbili kumbe kiwanja cha baba na tofali za babu.

#19 Nyokabi_Z80
Fundi hapo sikubaliani na wewe. Hiyo ROM haijui farasi anatembeaje. Kila programu ya ZX81 ilikuwa na hiyo ROM, mbona chesi zingine zilitaka 16K? Ya kampuni ya Psion ilitaka 16K na ROM ni ile ile.

#20 Fundi Redio
Ile inafikiria lakini. Hii inaangalia pua yake.

#21 Nyokabi_Z80
Mimi pia nimeicheza, haiangalii pua tu. Ukiishambulia kete inaihamisha, si kila wakati, lakini inaona imeshambuliwa. Kuna kakitu kanapima hatari.

#22 Fundi Redio
Mtoto wa Ngamiani kaachiwa malkia bure, soma #14.

#23 Mtoto wa Ngamiani
Jamani msinitumie kama ushahidi.

#24 mzee_wa_kaseti
Mnabishana kuhusu kufikiri, mimi nawaambia habari ya kusubiri. Prosesa ile ile ndiyo inayochora picha ya televisheni. Ikichora, haifanyi hesabu, ikibaki na muda kidogo juu na chini ya picha ndipo inahesabu, kama robo ya nguvu yake. Ukitaka ikimbie unaiweka kwenye FAST, skrini inatoweka kabisa mpaka imalize. Kwa hiyo mashine ikiwaza unaangalia kiza. Kwa kijana wa leo kitu kimeharibika, kwetu sisi ilikuwa heshima, mpinzani anawaza mpe nafasi.

#25 Salum_wa_Leicester
Nimeuona uzi kwa kuchelewa. Mimi ninayo hiyo ZX81 hapa, nilinunua kwenye mnada wa magari wa Jumapili, watu wanauza vitu kwenye buti. Shida televisheni za sasa haziitaki, ilibidi fundi ainyooshee waya ndani. Nimechapa kodi mwenyewe kwa mkono. Unatengeneza mstari wa kwanza wa REM, ambao kwa kawaida ni wa kuandika maelezo tu, unaujaza herufi zozote kisha unapachika namba zako kuanzia anwani 16514. Mashine inadhani ni maelezo inayaruka, kumbe ndani kuna chesi. Nilikosea namba moja usiku wa kwanza, skrini ikawa michirizi kama mvua. Usiku wa pili nikakosea nyingine. Mke wangu akauliza ni lazima?

#26 BintiPangani
Shemeji yetu kauliza swali la maana kuliko uzi mzima.

#27 Sheikh Modem
Swali kutoka kwa asiyejua: mbona mleta uzi hakusema ndiyo ndogo kuliko zote duniani, niliskia hivyo mahali.

#28 Kete64
Ilikuwa. Ilishikilia miaka 33 mpaka 2015, akaja Olivier Poudade na BootChess ya baiti 487, inaingia yote kwenye kile kipande cha kwanza cha diski cha baiti 512 ambacho kompyuta inakisoma ikiwaka. Baada yake wakaja wengine wakakata zaidi.

#29 Fundi Redio
Na nyuma yake ilikuwepo MicroChess ya Peter Jennings, 1976, kwenye kompyuta ya KIM-1. Ile nayo haikufika K 1, baiti 924. Tena KIM-1 haina televisheni, ina tarakimu sita nyekundu tu kama kikokotoo. Unaweka ubao wako wa mbao mezani, mashine inakuambia namba, unamsogezea kete zake kwa mkono wako. Sasa hapo utasema ipi ndogo? Yenye ubao kwenye skrini kwa 672, au isiyo na ubao kabisa kwa 924?

#30 Nyokabi_Z80
Na Atari 2600, ile mashine ya gemu, ilikuwa na RAM baiti 128!! Video Chess, 1979.

#31 Kete64
Hiyo haiingii kwenye mzani huu. 128 ni ya kukumbukia, programu yenyewe ipo kwenye katriji ya K 4. Ya Horne programu na kumbukumbu vinagombania chumba kimoja. Usichanganye stoo na meza.

#32 Nyokabi_Z80
Sawa mwalimu.

#33 Mgeni Njoo
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hivi enzi hizo huku kwetu kulikuwa na mtu yeyote anacheza hizi? Mzee wangu anasema hajawahi kuona kompyuta mpaka miaka ya 90.

#34 mzee_wa_kaseti
Tanzania Bara? Kijana, kompyuta zilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 1974. Na hata ukiipenyeza kwenye sanduku utaiona wapi? Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mimi niliporudi nilikuja na kinasa sauti na suruali, kompyuta nilimwachia mwenyewe.

#35 Bi Shangani
Sisi Unguja televisheni tulikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, msitutie kapu moja 😌

#36 Sheikh Modem
Ya rangi halafu ZX81 inatoa nyeusi na nyeupe. Mngeilalamikia.

#37 Nyokabi_Z80
Kenya tulikuwa na TV tangu 1962. Nasema tu.

#38 BintiPangani
Uzi wa chesi umekuwa wa nani alianza kuwa na TV.

#39 Kete64
Niurudishe basi, kwa mlango wa nyuma. Toka jana nawaza, kama chesi imeingia kwenye K 1, bao je? Bao la kiswahili siyo la vishimo kumi na viwili. Mashimo 32, kete 64. Kila shimo baiti moja, ubao mzima baiti 32, nusu ya vyumba vya chesi. Ongeza baiti mbili za kete zilizo mkononi wakati wa namua (awamu ya kwanza ya mchezo), mwanzo kila mtu ana 22. Hakuna farasi wala askofu, kete zote ni sawa. Nadhani litaingia na nafasi itabaki.

#40 Bi Shangani
Kete zote sawa lakini mashimo si sawa mwanangu. Shimo la nyumba lina sheria zake, mashimo ya kichwa na kimbi yana sheria zake, kutakasa (kucheza bila kula) kuna sheria zake. Wewe umehesabu mashimo hujahesabu maneno.

#41 Fundi Redio
Bi Shangani kapiga kwenye utosi. Na kuna jingine. Kwenye chesi mashine ikijaribu hatua halafu ikaona mbaya inarudisha kirahisi: kete ilitoka hapa, ilienda pale, ilikula hiki, maneno matatu. Kwenye bao mkono mmoja unasambaza, unakula, unasambaza tena, ubao wote umebadilika. Kurudisha ni lazima uwe umenakili ubao mzima kabla. Kwa hiyo siyo 32 tena, ni 64, na ukitaka ione hatua mbili ni 96.

#42 Kete64
96 bado naimudu. Nina 227 za Nyokabi.

#43 Nyokabi_Z80
Hizo 227 ni za Horne, wewe hujaandika hata baiti moja bado 😂 na ujue unahitaji kuonyesha namba mbili kila shimo, shimo likifika kete 10 na kuendelea herufi moja haitoshi. Ubao wako kwenye skrini unapanuka mara mbili. Ule ujanja wako wa #17 wa skrini kuwa ndio ubao umekufa.

#44 Kete64
Si lazima. Naweka herufi badala ya namba. A ni kumi, B ni kumi na moja.

#45 Bi Shangani
Nani atacheza bao anasoma A na B? Fundi wa bao haangalii namba, anatazama shimo anajua.

#46 Salum_wa_Leicester
Na mkono ukizunguka bila kuisha mashine itafanyaje? Sisi tukicheza mtu akizunguka sana tunacheka tunamwambia lala.

#47 Fundi Redio
Mashine haina aibu, itazunguka mpaka umeme ukatike. Itabidi uweke kihesabio, hiyo baiti nyingine, na kodi ya kukiangalia.

#48 Mtoto wa Ngamiani
Mimi nilichouliza bado sijajibiwa. Ni chesi au siyo chesi?

#49 Fundi Redio
Siyo. Isiyo na askari kuwa malkia siyo chesi.

#50 Nyokabi_Z80
Ni chesi. Maabara ya Los Alamos, Marekani, 1956 walicheza kwenye ubao wa sita kwa sita bila maaskofu kabisa na kila mtu anaiita chesi.

#51 mzee_wa_kaseti
Yule mtoto wa mwenye nyumba alikuwa analia akifungwa nayo. Amueni wenyewe.

#52 Kete64
Nimeandika kusambaza kete, mwendo wa saa na kinyume chake. Baiti 41. Kutakasa bado. Bi Shangani nitakutafuta pembeni, hiyo ya nyumba nimeisoma mara tatu naona kila mtaa wana yao.

#53 Bi Shangani
Kila mtaa wana yao, ya sahihi ni ya kwetu. Njoo na karatasi.